Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ubora wa ishara, uthabiti wa umeme na kudhibiti mwingiliano kwenye bodi za saketi

Saketi yangu inaendeshwa kwa megahezi 8 tu. Haya mambo yananihusu?

Yanakuhusu. Kinacholeta matatizo ni kasi ya ishara kupanda kutoka sifuri hadi moja; idadi ya mizunguko ya saa kwa sekunde haina uzito mkubwa. Chipu ya kisasa inayopewa saa ya megahezi 8 inaweza kupandisha volti kwa nanosekunde 1 au chini ya hapo, kwa sababu transista zake ni ndogo na zina haraka. Ukitaka kujua masafa yaliyomo ndani ya ukingo huo (mpando huo wa ishara), gawanya 0.35 kwa muda wa kupanda. Nanosekunde 1 inakupa megahezi 350, uwe umebofya swichi mara moja kwa siku au mara milioni kwa sekunde.

Kwenye bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. Ukingo wa nanosekunde 1 kwa hiyo umetandazwa kwenye sentimita 15 za shaba. Njia (mstari wa shaba unaobeba ishara) ikizidi sehemu ya sita ya urefu huo, yaani sentimita 2.5 hivi, acha kuiona kama waya tu. Sasa ni njia ya mawimbi, na ina mwangwi wake.

Hii ndiyo sababu bodi iliyofanya kazi vizuri miaka mingi huanza kusumbua baada ya mtengenezaji wa chipu kuhamia teknolojia mpya. Jina la chipu ni lilelile, saa ni ileile, ila kingo zimekuwa kali.

Mkondo wa kurudi unapita wapi hasa?

Hili ndilo swali linalobeba karibu yote yaliyobaki, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Kila mkondo unaotoka kwenye pini lazima urudi kwenye chanzo chake. Kwa umeme tuli (hapa tuna maana ya ule usiobadilika, DC), unarudi kwa njia yenye ukinzani mdogo na kutawanyika kwenye bamba zima la graundi, yaani tabaka la shaba la volti sifuri. Masafa yakipanda, tangu kilohezi mia kadhaa hivi, mkondo unatafuta njia yenye indaktansi ndogo (indaktansi ni ukaidi wa waya dhidi ya mabadiliko ya mkondo), nayo ni ile iliyo chini kabisa ya njia ya kwenda. Njia ikikata kona, mkondo wa kurudi nao unakata kona chini yake.

Umejibana kiasi gani? Njia ikiwa juu ya bamba kwa kimo cha milimita 0.2, karibu asilimia 80 ya mkondo wa kurudi hupita ndani ya milimita 0.6 kila upande, yaani mara tatu ya kimo. Ndiyo maana ishara mbili zinaweza kutumia bamba moja bila kusumbuana, mradi zipewe nafasi.

Sasa kata mwanya kwenye bamba hilo, labda kwa sababu ulitaka kupitisha njia moja ya umeme kwenye tabaka la graundi. Ishara iliyo juu inavuka mwanya bila shida, lakini mkondo wake wa kurudi unalazimika kuzunguka hadi mwisho wa mwanya ndipo urudi. Kitanzi kilichokuwa chembamba kimekuwa duara la sentimita kadhaa, na papo hapo unapata mambo matatu: indaktansi inapanda na kuharibu ukingo, ishara zote zinazovuka mwanya huo zinaanza kuvujiana kwa sababu zinagombea njia moja ya kuzunguka, na kitanzi kinageuka antena.

Mwanya hauhitaji kuchorwa kwa makusudi. Safu ya via (vile vitundu vilivyopakwa shaba ndani vinavyounganisha matabaka) zilizobanana chini ya konekta inaweza kukata bamba lote, kwa sababu nafasi inayoachwa kuzunguka kila tundu imegusana na ya jirani yake. Kabla ya kutuma mafaili, zima matabaka yote kwenye programu yako, bakiza la graundi peke yake, na ulitazame kwa macho. Ukaguzi wa kanuni hauoni kosa hili, kwa kuwa kimantiki graundi bado imeungana.

Kisa kingine ni ishara inapobadilisha tabaka. Ikitoka tabaka la 1 kwenda la 4, bamba lake la rejea nalo linabadilika. Kama mabamba yote mawili ni graundi, weka via ya graundi kando ya via ya ishara, ndani ya milimita 1 ikiwezekana. Kama moja ni graundi na lingine ni la volti 3.3, mkondo utalazimika kuvuka kupitia kapasita iliyo karibu, na kapasita hiyo mara nyingi iko mbali kuliko unavyodhani.

Nitenganishe graundi ya analogi na ya dijitali?

Kwa bodi nyingi, usitenganishe. Acha bamba moja lisilokatwa, kisha tenga vijenzi: analogi upande mmoja, dijitali upande mwingine, regyuleta karibu na mahali umeme unapoingilia. Mkondo wa dijitali utakaa chini ya njia zake wenyewe, hauna sababu ya kwenda kutembelea kipaza sauti chako.

Pini zilizoandikwa AGND (graundi ya analogi) na DGND (graundi ya dijitali) kwenye kigeuzi cha analogi kwenda dijitali ni majina ya nyaya za ndani ya chipu. Hayakuagizi ukate bodi. Pale panapostahili utengano wa kweli ni kwenye vizuizi vya usalama, kwa mfano kati ya umeme wa gridi na upande anaoushika mtu, na huko hakuna njia yoyote ya ishara inayovuka ila kwa kijenzi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Bodi ya matabaka mawili inatosha?

Inatosha kwa kazi nyingi, ukilipa gharama yake: upande wa chini uwe graundi karibu yote, na kila njia unayolazimika kuipitisha huko iwe fupi. Tatizo ni unene. Kwenye bodi ya milimita 1.6, njia ya juu iko mbali sana na graundi yake, hivyo vitanzi ni vikubwa hata ukijitahidi.

Matabaka manne yanabadilisha hali hiyo, kwa sababu umbali kati ya tabaka la 1 na la 2 unashuka hadi milimita 0.1 au 0.2. Mpangilio tunaoupendelea ni ishara, graundi, graundi, ishara, huku umeme ukisambazwa kwa shaba pana kwenye matabaka ya nje. Ule unaofundishwa sana (ishara, graundi, umeme, ishara) unafanya kazi, ila usidhani mabamba mawili ya katikati yanakupa kapasita ya bure. Kati yao mara nyingi kuna milimita 1 au zaidi ya kihami, na kwa umbali huo kila sentimita ya mraba inakupa pikofaradi 4 tu hivi. Ukiyasogeza hadi milimita 0.1 unapata kama 38.

Njia ya omu 50 iwe na upana gani?

Kwa bodi ya nyuzi za kioo, juu ya uso, upana ni karibu mara mbili ya kimo kutoka kwenye bamba, pungufu kidogo. Kimo cha milimita 0.2 kinataka upana wa kama milimita 0.35. Kwenye matabaka mawili ya milimita 1.6 utahitaji karibu milimita 3, upana usiopita kati ya pini za chipu yoyote. Tumia kikokotoo kwa namba ya mwisho, lakini ukipata jibu lililo mbali na makadirio haya, angalia kwanza kama umeingiza kimo sahihi.

Omu hizi ni za impedansi, yaani uwiano wa volti na mkondo ambao wimbi linakutana nao njiani. Namba 50 haina uchawi. Njia yote ikiwa omu 60 kutoka mwanzo hadi mwisho na mzigo wa mwishoni ukalingana nayo, hakuna mwangwi. Kinachodhuru ni kubadilika njiani.

Rezista ya mfululizo niiweke wapi, na iwe omu ngapi?

Kando ya pini inayotuma. Ukiiweka upande wa kupokea haitafanya kazi yake.

Thamani yake ni impedansi ya njia ukitoa ukinzani wa pini yenyewe. Ukinzani huo unaweza kuupima. Pandisha pini juu, pima volti bila mzigo, tuseme 3.3. Unganisha rezista ya omu 220 kwenda graundi, upime tena. Ukisoma 3.0, pini ina (0.3 ÷ 3.0) × 220, yaani omu 22. Kwa njia ya omu 50 unabaki na 28, basi chukua rezista ya 27.

Bila rezista hiyo, pini ya omu 22 inasukuma volti 2.3 kwenye njia. Zikifika mwisho, ambako pini inayopokea haichukui karibu mkondo wowote, zinaongezeka maradufu hadi karibu 4.6. Dayodi za ulinzi ndani ya chipu inayopokea zinakata kilele hicho na kumwaga mkondo kwenye umeme wake. Kisha wimbi linarudi, linashuka chini ya kiwango, na kama ni mstari wa saa, chipu inaweza kuhesabu pigo moja kama mawili.

Ishara moja ikiwa na wapokeaji wengi waliotawanyika njiani, rezista ya mwanzoni haifai sana, kwa kuwa walio katikati wanaona nusu ya volti mpaka mwangwi urudi. Hapo ufunge mwisho wa njia kwa rezista kwenda graundi au kwenye volti ya kati, ukubali kupoteza nguvu.

Jozi tofautishi zinahitaji kulinganishwa urefu kwa usahihi gani?

Jozi tofautishi ni njia mbili zinazobeba ishara moja kwa volti zinazopingana. Anza na hesabu kabla ya kuanza kupinda njia. USB ya megabiti 480 kwa sekunde ina biti ya takriban nanosekunde 2.1. Tofauti ya milimita 1 ni pikosekunde 7. Biti haitaihisi. Lakini sehemu ya ishara isiyolingana hugeuka mkondo wa pamoja (unaotembea upande mmoja kwenye nyaya zote) unaotoka kwenye kebo, kwa hiyo linganisha ndani ya milimita 1 na uendelee na mambo mengine. Kwenye gigabiti kadhaa kwa sekunde, ndipo sehemu ya kumi ya milimita inaanza kuwa na maana.

Impedansi unayolenga: omu 90 kwa USB, 100 kwa Ethernet, LVDS na HDMI, 120 kwa CAN. Penye tofauti ya urefu, fidia palepale ilipotokea, yaani karibu na kona iliyoileta. Na jozi bado inahitaji bamba chini yake. Dhana kwamba nyaya mbili zinarudishiana mkondo zenyewe ni kweli kwa kebo iliyosokotwa. Kwenye bodi, kila moja inarudisha sehemu kubwa ya mkondo wake kupitia bamba.

Njia mbili sambamba ziachane kiasi gani?

Kanuni ya mara tatu ya upana inatosha kwa kawaida, lakini kimo kina nguvu kuliko nafasi. Makadirio ya kuvujiana ni 1 ÷ (1 + (D/H)²), D ikiwa umbali kati ya katikati ya njia na H kimo chake. Njia zilizoachana milimita 0.6 juu ya kimo cha 0.2 zinakupa sehemu moja ya kumi. Zipeleke kwenye bodi yenye kimo cha 1.5 na unapata 0.86, yaani kana kwamba hukuacha nafasi yoyote.

Njia ya graundi inayochomekwa katikati kama mlinzi tunaiona mara nyingi kuliko inavyostahili. Isipofungwa kwenye bamba kwa via kila milimita chache, inageuka kuwa daraja la kuvushia kelele.

Kwa nini kila mtu anaweka kapasita ya nanofaradi 100, na iwe karibu kiasi gani?

Namba hiyo imerithiwa kutoka enzi za chipu za taratibu. Haina ubaya, ila watu huiamini kupita kiasi. Kapasita iliyolehemiwa kwenye bodi ina indaktansi ya mwili wake, pedi zake na via zake, jumla karibu nanohenri 1 ukiwa makini. Nanofaradi 100 na nanohenri 1 zinalingana kwenye megahezi 16. Kupita hapo kapasita yako ni indukta. Kwenye megahezi 100 ina karibu omu 0.6, na ingekuwa karibu vilevile hata kama ungeandika maikrofaradi 1.

Kutokana na hilo, ushauri wetu ni huu: tumia ukubwa wa mwili mmoja, wa 0402 (kama milimita 1 kwa 0.5), na uchukue thamani kubwa inayopatikana kwa bei ya kawaida na volti inayofaa, mara nyingi maikrofaradi 1. Kuchanganya 100, 10 na 1 ya nanofaradi kwenye pini moja kunaleta hatari: moja ikiwa tayari indukta na nyingine bado kapasita, zinapiga mlio pamoja, na katikati yao impedansi inapanda badala ya kushuka.

Kuhusu mahali, jali via zaidi ya umbali. Kapasita iliyo milimita 5 kutoka kwenye pini lakini yenye via zilizogusa pedi inashinda iliyo milimita 1 yenye mikia ya shaba nyembamba. Mkia juu ya bamba la karibu unaongeza kama nanohenri 0.3 kwa kila milimita. Mikia miwili ya milimita 2 inakaribia kuongeza maradufu indaktansi yote. Toa via ubavuni mwa pedi, zile za graundi na za umeme zikikaribiana. Kwenye matabaka mawili, ambako hakuna bamba la umeme, umbali unarudi kuwa muhimu: shaba itoke regyuleta, ipite kwenye pedi ya kapasita, ndipo iingie kwenye pini.

Nimeweka maikrofaradi 10 lakini volti bado inayumba. Kwa nini?

Huenda huna 10. Kapasita za keramiki za aina X5R na X7R hupoteza uwezo zikiwekewa volti tuli, na zenye mwili mdogo hupoteza zaidi. Ya maikrofaradi 10 ya volti 6.3 iliyobanwa kwenye mwili mdogo, ikikaa kwenye volti 5, inaweza kubaki na chini ya nusu. Tafuta mchoro wa uwezo dhidi ya volti kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba kamili ya kijenzi.

Kisha hesabu impedansi unayoihitaji: volti mara asilimia unayoruhusu, gawanya kwa mruko wa mkondo. Volti 1.0, asilimia 5, mruko wa ampea 2: omu 0.025. Namba hiyo ishikiliwe kutoka pale regyuleta inapochoka, kwa kawaida makumi hadi mamia ya kilohezi, hadi makumi ya megahezi. Juu ya hapo, kinachosaidia ni mabamba yaliyokaribiana na kapasita zilizomo ndani ya chipu yenyewe.

Usisahau upande wa umeme tuli. Mraba mmoja wa shaba ya maikromita 35 una miliomu 0.5, uwe mkubwa au mdogo. Njia ya upana wa milimita 0.25 na urefu wa 50 ni miraba 200, sawa na omu 0.1. Ampea 1 ikipita hapo umepoteza volti 0.1, ambayo ni asilimia 10 ya umeme wa volti 1.

Shanga ya feraiti kwenye umeme wa analogi inasaidia?

Shanga hii ni kijenzi kidogo cha kuzuia kelele za masafa ya juu. Inasaidia ikiwekwa kwa hesabu. Shanga ya omu 600 kwa megahezi 100 huwa na indaktansi ya maikrohenri 1 hivi kwenye masafa ya chini. Ikifuatiwa na keramiki ya maikrofaradi 10, zinapiga mlio kwenye kilohezi 50, na kelele ya hapo inakuzwa badala ya kuzuiwa. Tibu kwa kuongeza sambamba kapasita kubwa zaidi, kama maikrofaradi 47, yenye rezista ya omu 0.3 mfululizo. Pia mkondo tuli hulewesha feraiti: hata nusu ya ampea zilizoandikwa inaweza kuondoa sehemu kubwa ya omu zake.

Regyuleta ya swichi inachafua kila kitu. Nianzie wapi?

Kwenye ile inayoshusha volti, anza na kapasita ya kuingilia. Kitanzi kichafu ni kile cha kapasita hiyo, transista ya juu, transista ya chini (au dayodi), na kurudi. Humo mkondo unakatwa na kuwashwa ghafla. Kitanzi cha nanohenri 5 kikibadilisha ampea 2 kwa nanosekunde 5 kinazaa mruko wa volti 2. Iweke kapasita hiyo kabla ya kijenzi kingine chochote, upande uleule wa bodi na chipu, pamoja na bamba la graundi lisilokatwa chini yake. Nodi ya swichi (shaba inayounganisha transista hizo na indukta) iwe fupi, wala isitanuliwe kwa nia ya kupoza joto. Njia ya kupimia volti ya kutoka ipite mbali na indukta.

Mlio ukibaki, pima masafa yake, tuseme megahezi 200. Ongeza kapasita kutoka nodi ya swichi kwenda graundi hadi masafa yashuke nusu. Kama imehitaji pikofaradi 300, kapasita fiche (ile iliyokuwamo kwenye saketi bila kuwekwa) ni theluthi yake, 100. Rezista inayofaa ni 1 ÷ (2π × 200 megahezi × pikofaradi 100), sawa na omu 8. Weka omu 8.2 mfululizo na zile pikofaradi 300, na ukague joto la rezista.

Kifaa kimeanguka kwenye jaribio la mnururisho (mawimbi ya redio yanayotoka kwenye kifaa). Nitafuteje chanzo?

Shuku kebo kwanza. Mkondo wa pamoja wa maikroampea 5 tu, kwenye kebo ya mita 1 kwa megahezi 50, unatosha kuvuka kikomo cha Daraja B (vifaa vya nyumbani) cha Marekani, maikrovolti 100 kwa mita kwa umbali wa mita 3. Jaribio linaanzia megahezi 30, na kwenye masafa ya chini ya mia kadhaa bodi ndogo yenyewe ni antena dhaifu. Kebo si dhaifu.

Chomoa kebo moja moja huku ukitazama kichanganuzi cha spektra. Ile inayoondoa kilele ndiyo mtoaji, ingawa kelele imetoka kwingine. Kisha soma umbo. Vilele vyembamba vilivyopangwa kila megahezi 25 vinaelekeza kwenye saa ya megahezi 25. Kilima kipana, chenye mistari iliyokaribiana kwa masafa ya regyuleta, ni swichi inayopiga mlio. Kutafuta mahali penyewe, zungusha kitanzi kidogo cha kebo ya koaksia, kipenyo cha sentimita 1, juu ya bodi.

Tiba, kwa mpangilio wa gharama: rezista kwenye mistari ya saa, feraiti ya kubana kwenye kebo, kapasita ya graundi palepale kebo inapotokea, na ngao ya kebo kuungwa kwa chasi pande zote za konekta. Ngao inayoungwa kwa mkia mmoja wa waya wa sentimita 3 imepotezwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Nimeweka dayodi ya kinga ya umeme wa mguso (ile cheche ya mkono unapogusa kifaa) na chipu bado inakufa.

Kwa pigo la kilovolti 8 la kugusa, kiwango cha IEC 61000-4-2 kina kilele cha ampea 30 kinachopanda kwa nanosekunde 0.8. Nanohenri 1 kati ya dayodi na graundi inaongeza karibu volti 37 juu ya zile dayodi inazoruhusu. Via ya graundi iguse pedi, na ziwe mbili au tatu. Njia itoke konekta, iingie kwenye pedi ya dayodi, itokee upande wa pili. Usiitundike dayodi kwenye tawi.

Osiloskopu inaonyesha mlio mkubwa. Niuamini?

Usiuamini ukiwa unatumia ule waya mrefu wa klipu. Sentimita 10 zake zina kama nanohenri 100, na pamoja na pikofaradi 10 za kipimio zinapiga mlio kwenye megahezi 159 zenyewe. Ondoa kofia ya kipimio, tumia springi fupi ya graundi, upime tena. Jaribu pia kugusisha ncha kwenye graundi ileile ilipo springi. Chochote kinachoonekana hapo hakimo kwenye ishara yako.

Kiwanda kinauliza kama nataka impedansi idhibitiwe. Nijibu nini?

Kama una Ethernet ya gigabiti, HDMI, PCIe au kumbukumbu za DDR, jibu ndiyo, uandike tabaka, upana, omu na uvumilivu wa asilimia 10. Tumia upana wa kipekee kwa njia hizo, kwa mfano 0.351 badala ya 0.35, ili mhandisi wa kiwanda azitambue na kuzirekebisha bila kugusa nyingine. Kwa USB ya megabiti 12, SPI fupi na I2C, omba tu mpangilio wao wa kawaida wa matabaka, upate vimo vyake kwa maandishi kabla ya kuchora njia ya kwanza.